Maswali ya Majina: Mtoto wa Kike Aitwe Kenyatta?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Columbus, Ohio. Mdogo wangu wa kiume amemwoa Mmarekani Mweusi, mwenyeji wa Philadelphia, na panapo majaliwa wanatarajia mtoto wao wa kwanza, wa kike, mwezi wa tatu. Wifi yangu ameshaamua kwamba mtoto ataitwa Kenyatta, kwa kuwa hilo lilikuwa jina la kwanza la marehemu baba yake, aliyezaliwa mwaka 1972, ambaye hakuwahi kufika Afrika wala hakuwa na ndugu yeyote Kenya. Mama yetu, aliyeko Tanga, hakubali hata kidogo. Anasema kwanza hilo ni jina la ukoo wa watu, na mtu haazimi ukoo wa mwenzake kama anavyoazima kinu. Pili, ni jina la mwanamume, tena mzee mwenye ndevu na usinga. Tatu, yeye ameshachagua Mwanaidi, kwa sababu mtoto anatazamiwa kuzaliwa karibu na Idi. Kuhusu maana yake, wifi yangu ana kitabu cha majina ya watoto kinachosema kwamba Kenyatta ni neno la Kiafrika lenye maana ya “mwanamuziki”, lakini mdogo wangu alipata kusikia kwamba lilikuwa jina la utani lililotokana na mkanda wa suruali. Kila simu ikipigwa, mimi ndiye ninayeambiwa niamue. Naomba unieleze ukweli wa jina hili, na ilikuwaje likafika Marekani likawa la kuitwa watoto wachanga. — M. S., Columbus

JIBU: Dada M. S., mdogo wako amesikia sawa, isipokuwa mkanda wenyewe haukuwa wa suruali kwa maana tuliyoizoea, nami nitaufikia hivi punde. Maana ya “mwanamuziki” iliyomo katika kitabu cha wifi yako, na ambayo vitabu vingi vya aina hiyo huinakili kimoja kutoka kingine, haina mizizi katika Kikuyu wala katika Kiswahili. Mwimbaji kwa Kikuyu huitwa muini, neno lisilokaribiana na Kenyatta hata kwa sauti. Kenyatta lilianza likiwa lakabu, yaani jina ambalo mtu hupewa au hujipa ukubwani kutokana na kitu anachojulikana nacho, na kitu hicho kilikuwa mkanda wa shanga ulioitwa kinyata.

Aliyeuvaa mkanda huo, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya, alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Ngenda, katika nchi ya Wakikuyu, akaitwa Kamau. Baba yake, Muigai, alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na mama yake, Wambui, akarithiwa na Ngengi, mdogo wa marehemu, ndiyo sababu maandishi ya awali humtaja kijana huyo kwa jina la Kamau wa Ngengi. Mwezi wa Novemba 1909 alijiunga na misheni ya Kanisa la Scotland iliyokuwa Thogoto, na Agosti 1914 akabatizwa. Alitaka aitwe John na Peter kwa pamoja. Wamisionari wakamwambia achague moja tu. Naye akachagua Johnstone, kwa hesabu kwamba Yohana yumo mwanzoni mwa jina hilo na Petro yumo mwishoni, kwa kuwa “stone” kwa Kiingereza ni jiwe na Petro ni mwamba. Nakisimulia kisa hiki kidogo kwa sababu kinamwonyesha mtu ambaye, tangu ujana wake, hakuyachukulia majina kuwa kitu cha kupokea tu kama kilivyotolewa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, Waingereza waliwachukua vijana kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza wenyeji waliligeuza kuwa Kariakoo, neno ambalo wakazi wa Dar es Salaam na wa Nairobi wanalikanyaga kila siku sokoni. Johnstone Kamau alikwepa kuchukuliwa kwa kwenda Narok, kwa jamaa zake waliokuwa wakiishi miongoni mwa Wamaasai, akafanya kazi kwa mkandarasi wa Kihindi. Ni katika miaka hiyo ndipo alipoanza kuvaa kinyata. Aliporudi Nairobi na, katika miaka ya 1920, akaajiriwa na idara ya maji ya manispaa, akisoma mita za maji na kutunza ghala, aliendelea kuuvaa mkanda huo wa shanga pamoja na mavazi ya Kizungu ya mtu wa ofisini. Makarani wenye suti walikuwa wengi mjini. Mwenye suti na kinyata alitambulika kwa mbali. Hata kibanda alichokijenga Dagoretti, alimowauzia majirani vitu vya dukani, kiliitwa Kinyata Stores.

Kutoka hapo jina lilibadilika tahajia tu. Mwaka 1929 alipotumwa London na Chama Kikuu cha Wakikuyu kwenda kudai haki za ardhi, alikuwa akijiandika Johnstone Kenyatta, na mwaka 1938, kilipochapishwa kitabu chake kuhusu mila za Wakikuyu, jalada lilibeba jina jipya kabisa: Jomo Kenyatta. Katikati ya safari hiyo yalipita majina mengine ambayo hayakudumu. Moscow, alikosomea kwa muda katika miaka ya 1930, aliandikishwa kama James Joken, na wanakijiji wa Storrington, kusini mwa Uingereza, alikoishi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walimwita Jumbo. Kwa hiyo mama yenu asione vibaya nikisema kwamba jina analolihofia kuwa la ukoo mkongwe lilikuwa, kwa muda mrefu, moja tu kati ya majina mengi ya mtu mmoja.

Tena si la ukoo kwa maana ya Kikuyu. Koo za Wakikuyu, waziitazo mihiriga, zina majina yake, kama vile Anjiru, Ambui na Agaciku, na Kenyatta si mojawapo. Mtu katika mila hiyo alijulikana kwa jina lake na la baba yake, Kamau wa Muigai au Kamau wa Ngengi, basi. Kenyatta limekuwa jina la familia kwa sababu watoto wa mtu huyo walilirithi kwa mtindo wa kisasa, kama vile watoto wa Nyerere walivyolirithi jina la Nyerere. Nakubali kwamba nchini Kenya leo mtu akilitaja jina hilo, msikilizaji huifikiria familia moja tu, na mtoto mwenye jina hilo ataulizwa, nusu kwa mzaha, kama ana mashamba. Lakini mtoto wa wifi yako atakulia Philadelphia, na huko jina hili lina historia yake nyingine, ambayo ndiyo hasa inayojibu swali lako la pili.

Wamarekani Weusi hawakukutana na Kenyatta katika kitabu cha majina. Wasomi wao walikutana naye uso kwa uso. Oktoba 1945 alikuwa Manchester katika Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika (Pan-African Congress), pamoja na Kwame Nkrumah, George Padmore na W. E. B. Du Bois, Mmarekani Mweusi aliyekuwa na umri wa miaka 77. Kwa watu wa kawaida, jina lilipenya kupitia magazeti. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kumkamata. Kesi ikasikilizwa Kapenguria, mbali na macho ya watu. Na tarehe 8 Aprili 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu, kwa tuhuma za kuongoza Mau Mau. Magazeti mengi ya Wazungu yalilitaja jina la Kenyatta kama la kiongozi wa giza na ushenzi. Wasomaji waliokuwa wakiishi chini ya sheria za ubaguzi kusini mwa Marekani walikuwa na sababu zao za kuyasoma maneno hayo kinyumenyume: mtu aliyechukiwa kiasi hicho na walowezi hakukosa kuwa na jambo la maana.

Kisha yakaja mahusiano ya karibu zaidi. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya iliwapeleka vijana wa Kenya katika vyuo vya Marekani. Mwaka 1960 Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya kukomesha ubaguzi mashuleni, alikwenda London kuwasaidia wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kuandaa rasimu ya haki za raia. Kenyatta aliachiwa huru mwaka 1961, akawa waziri mkuu mwaka 1963, na mwaka 1964 Malcolm X alifika Afrika Mashariki akakutana naye. Aliporejea Harlem, Malcolm aliwasifu wapiganaji wa Mau Mau hadharani kuwa wazalendo wakubwa wa Afrika. Mmoja wa walinzi wake alijulikana kwa jina la Charles Kenyatta. Huyo alizaliwa Charles Morris, akalitwaa jina la Kenyatta akiwa mtu mzima. Hali kadhalika kwa Muhammad Kenyatta, mpigania haki za raia aliyezaliwa mwaka 1944 kwa jina la Donald Brooks Jackson, ambaye mwaka 1975 aligombea umeya wa Philadelphia. Mjukuu wake, Malcolm Kenyatta, ni mbunge katika bunge la jimbo la Pennsylvania.

Tafadhali angalia jiji lililotajwa hapo. Hao wawili walilitwaa jina kama la pili, wakiyaacha majina yao ya awali, na katika miaka hiyo hiyo wazazi vijana wakaanza kulitumia kama jina la kwanza la mtoto, kwa nia ile ile. Ulikuwa wakati ambapo Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966 kwa maneno ya Kiswahili, iliwafundisha watu kuwaita watoto wao Imani na Nia, na ambapo jina la kiongozi wa Afrika huru lilikuwa tamko la kisiasa linaloandikwa katika cheti cha kuzaliwa. Rais wa sasa wa Baraza la Jiji la Philadelphia, Kenyatta Johnson, ni mzaliwa wa jiji hilo katika miaka ya 1970, na kwake Kenyatta ni jina la kwanza, kama lilivyokuwa kwa baba wa wifi yako. Marehemu, kwa hiyo, hakupewa jina la kuokota. Wazazi wake, mwaka ule wa 1972, walijua walilokuwa wakilisema, hata kama hawakuwahi kusikia habari za mkanda.

Kuhusu jinsia, mama yenu ana haki kwa kipimo cha Kenya, lakini hana kwa kipimo cha Marekani. Jina likishakatwa kutoka kwa mwenye ndevu, linabaki na sauti yake, na sikio la Mmarekani limezoea kusikia “a” mwishoni mwa majina ya wanawake. Huko Kenyatta wamo wavulana na wamo wasichana, na kwa wasichana hupatikana pia tahajia ya Kenyetta. Ukitaka kuhakikisha, Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani huchapisha kila mwaka orodha ya majina yote yaliyopewa watoto wasiopungua 5 wa jinsia moja, nawe unaweza kuitazama miaka ya 1970 upande wa wasichana.

Nikiruhusiwa neno moja la kando, maana yenyewe ya jina ingepaswa kumfanya mama yenu acheke badala ya kukasirika. Yeye ni mtu wa Tanga; hahitaji kufundishwa na mhariri wa gazeti kwamba shanga za kiunoni ni za nani. Kinyata kilivaliwa juu ya nguo, mchana kweupe, na hakina uhusiano na utunda wa bibi zetu, lakini mtu akisema kwamba jina lenye asili ya shanga za kiunoni halimfai mtoto wa kike wa pwani, atakuwa na kazi ya kueleza.

Ziko sababu nyingine za kusita ambazo mama yenu hakuzitaja, na ni haki wifi yako azijue. Kiongozi akishatawala, jina lake hubeba na utawala wake. Mwaka 1969 serikali ya Kenyatta ilikipiga marufuku chama cha upinzani cha KPU na kumweka kizuizini Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wake wa kwanza wa rais, na suala la ugawaji wa ardhi baada ya uhuru halijaacha kuumiza watu. Si kila Mkenya atakayejulishwa kwa binti huyo atatabasamu. Wala hilo halimzuii mtu kuwa na jina la babu yake.

Na hapo ndipo ninapoliona jambo hili kwa namna tofauti na mama yenu. Wifi yako hampi mwanawe jina la rais wa kwanza wa Kenya. Anampa jina la baba yake mzazi, aliyekufa. Wakikuyu wenyewe hufanya hivyo hivyo: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na wasichana kwa mabibi kwa mpango huo huo. Kwa njia hii, lakabu ambayo mzee fulani aliipata kwa tabia au umbo lake, akaitwa Njogu, yaani tembo, au Mbogo, yaani nyati, huja kuwa jina halali la kichanga ambacho hakijafanana na tembo wala nyati. Ingawa, dada yangu, kama tungeifuata mila hiyo neno kwa neno, binti wa kwanza angeitwa kwa bibi yake mzaa baba, ambaye ni mama yenu wa Tanga. Lakini sikusudii kuchochea moto katika jiko la watu.

Ushauri wangu ni kwamba aitwe Kenyatta Mwanaidi. Mtoto kuwa na jina la cheti na jina la nyumbani si ugeni pwani, na Mwanaidi nalo halikuanza vinginevyo: siku moja mtoto alizaliwa kwenye Idi, na watu wakamwita kwa kilichokuwa mbele ya macho yao.

SWALI: Mhariri, katika jibu la faragha ulilonitumia mwezi uliopita ulisema kwamba Kenyatta ni mkanda. Mimi nililelewa nikijua kwamba ni maneno mawili ya Kiswahili, “Kenya” na “taa”, yaani taa ya Kenya. Mwalimu wetu wa darasa la tano alituandikia hivyo ubaoni. Na Jomo je, si mkuki unaowaka? — Mzee wa Nakuru

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Maelezo ya mwalimu wako ni mazuri kwa wimbo wa shule, na yanaenea kwa sababu Kiswahili kinayaruhusu, lakini tarehe zinayakataa. Jina la Kinyata, lenye “i”, lilikuwa limeshatumika Dagoretti katika miaka ya 1920, wakati mwenyewe alipokuwa msoma mita ambaye hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kumwita taa ya nchi. Nchi yenyewe ilikuwa imeanza tu kuitwa Koloni la Kenya mwaka 1920, kutoka jina la mlima ambao mmisionari Krapf aliuona kutoka Ukambani mwaka 1849. Kabla ya hapo iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, nao Waingereza wa wakati huo walitamka “Kiinya”. Tahajia ya Kenyatta ilipochukua nafasi ya Kinyata, jina likaja kufanana na la nchi, na mwanasiasa mwenye akili hakatai zawadi kama hiyo. Lakini kufanana kulikuja baada ya mkanda, si kabla.

Jomo ni jambo jingine. Kwa Kikuyu linakaribiana na neno la kuchomoa upanga alani, na ndilo lililowekwa katika jalada la mwaka 1938 badala ya Johnstone, jina la ubatizo ambalo mwandishi wa kitabu cha kuzitetea mila za kwao asingependa litangulie. “Mkuki unaowaka” ni sifa iliyoenea kwa Kiingereza, na ilisafiri mbali: mwimbaji wa rege wa Jamaika, Winston Rodney, aliichukua kutoka kwa Kenyatta na kuifanya jina lake la jukwaani, Burning Spear.

Kama unataka kuona jinsi jina la kujibuni linavyogeuka kuwa la mtoto, itazame familia yenyewe. Johnstone Kamau alipompata mwanawe wa kwanza, mwaka 1920, alimwita Peter Muigai, kwa jina la baba yake. Binti aliyezaliwa mwaka 1928 aliitwa Margaret Wambui, kwa jina la mama yake. Hapo mila ilikuwa ikirudisha majina ya zamani. Uhuru, aliyezaliwa Oktoba 1961, miezi michache baada ya baba yake kuachiwa, alipompata naye mwanawe mkubwa wa kiume, mila ile ile ilidai mtoto aitwe kwa babu yake mzaa baba. Hakuitwa Kamau. Aliitwa Jomo.